Mama Pindo na Mashine ya Maboksi Matatu

Mtaani kwetu mke wangu huitwa Mama Pindo, na jina hilo hakupewa bure. Pindo alilolishona yeye haliachii. Nguo itachakaa kwingine kote, pindo litabaki. Miaka ishirini na miwili ameshonea sebuleni, kwenye cherehani iliyobanana na kochi, na wageni wetu wamezoea kuondoka na nyuzi nguoni.

Mwaka jana aliomba kazi ya kushona sare za chuo cha wauguzi. Aliandika kwa mkono, mwandiko mzuri kuliko wangu mara kumi. Karani wa dirishani akamrudishia karatasi bila kuisoma. "Mama, tunapokea zilizochapwa tu." Alirudi akashona mpaka jioni.

Mwaka huu tangazo lilitoka tena: wanafunzi mia moja na arobaini, na fundi awe na kompyuta na printa yake mwenyewe, maana vipimo vitapelekwa kila mwezi vikiwa vimechapwa. Akanunua. Vitu vilifika Jumatano ndani ya maboksi matatu. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri.

Tulivipanga juu ya meza ya kukatia. Nyaya zilikuwa nyingi kama utumbo, na kitabu cha maelekezo kilikuwa na lugha kumi na moja, yetu haimo. Tukafuata picha. Kioo kilipowaka, Mama Pindo alipiga vigelegele, nikaenda kufunga dirisha kwa aibu.

Ndani ya printa kulikuwa na vipande vya utepe wa buluu, vimebandikwa huku na huku. Niliponyoosha mkono kubandua kimoja, alinipiga kofi vidoleni.

"Acha! Huoni hiyo ni bandi? Imeshikiza vyuma visicheze. Bandi haifumuliwi kabla kazi haijaisha."

Bandi ni zile nyuzi za muda anazoshikizia kitambaa kabla ya kukishona. Yeye ndiye fundi. Nikarudisha mkono wangu.

Alhamisi alikuja shemeji, mdogo wake, ambaye tangu apewe ofisini kiti cha kuzunguka hajawahi kukosa jibu.

"Dada, hii siyo cherehani. Hapa hakuna pedeli."

"Na wewe siyo fundi, lakini umekalia kiti cha fundi. Inuka."

Alimfundisha kutumia kipanya. Mama Pindo akakisukuma polepole, kama anayechora kwa chaki, mpaka ukingoni.

"Meza imeisha!"

"Kinyanyue ukirudishe, dada. Kwani pasi ukifika mwisho wa kitambaa unaenda nayo uani?"

Hapo walicheka wote wawili. Mama Pindo alichapa barua yake ya maombi kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, saa mbili nzima. Lakini ilipofika zamu ya printa, kicheko kiliisha. Ilinguruma, ikavuta karatasi nusu, ikaitafuna kama mbuzi, kisha ikawasha taa nyekundu. Shemeji akazima, akawasha. Akabadilisha waya. Akaipiga ubavuni. Karatasi saba zikaliwa.

"Hii imekuja mbovu," akasema akivaa viatu. "Irudisheni dukani. Na dada, usijisumbue, haya mambo yana wenyewe."

Ijumaa asubuhi nilipiga simu dukani, mimi ambaye simu za watu nisiowajua hunitoa jasho. Wakasema fundi wao atafika Jumatatu.

Saa sita hivi akaja jirani kuchukua gauni lake. Alilijaribu chumbani, akatoka akijikuna.

"Mama Pindo, kuna kitu kinanikwaruza kwapani."

Mke wangu akatazama. Ulikuwa uzi wa bandi, ameusahau, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu tuoane. Aliukata, akaushika mkononi. Kisha akageuka polepole kuitazama printa.

"Baba watoto, hii kazi iliisha wapi?"

"Kazi gani?"

"Ya kuitengeneza hii. Si iliisha kiwandani? Sisi siyo mafundi wake. Sisi ni wateja!" Alikuwa ameshafungua kifuniko. "Mteja anavaaje nguo na bandi zake?"

Alivibandua vipande vya buluu kimoja kimoja, kwa ile mikono yake isiyochana kitambaa. Vilikuwa sita. Cha mwisho kilikuwa kimejificha chini kabisa, pale karatasi inapopita. Akafunga, akawasha. Taa ikawa ya kijani. Karatasi ikaingia kwa adabu, ikatoka na barua nzima, jina lake juu, limenyooka kama pindo.

Safari hii dirisha sikulifunga.

Saa nane na nusu tulikuwa chuoni. Karani alikuwa yuleyule. Alisoma mpaka chini, akamtazama.

"Nani amekuchapia, mama?"

"Nimechapa mwenyewe. Kwenye mashine yangu."

Akapiga muhuri.

Kazi alipata. Sare za kwanza zilipokuwa mezani, shemeji alipita, akaiona printa ikitoa orodha ya vipimo bila kukohoa.

"Kumbe fundi wa dukani alikuja. Ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Haikuwa na ugonjwa," akajibu Mama Pindo, mguu ukiwa kwenye pedeli. "Ilikuwa haijafumuliwa bandi. Na ukae kule, mdogo wangu, hicho ni kiti cha fundi."