Maombi Yasiyofika Amina

Jumamosi ile Ouma alikuwa akipachika mlango mpya kwenye chumba chake. Aliuchomelea mwenyewe kwa mabati mazito na vipande vya vyuma alivyopewa kazini, kwenye shamba la kahawa huko Ruiru alikokuwa fundi wa pampu. Mimi nilimshikia upande mmoja huku mgongo ukilalamika. Chumba chake kilitazamana na lango langu, kati yetu uchochoro mmoja tu wa Kiganjo, mtaa wetu hapa Thika, na kwa miaka mingi tulikuwa tukiazimana kila kitu, kuanzia spana hadi chumvi.

"Huu mlango, Mzee, hata ndovu hauwezi."

"Na mwizi?"

"Mwizi atabisha hodi kama watu wengine."

Mkewe, Mama Achieng, alicheka kutoka ndani. Mama Kimani, jirani yetu aliyeuza sukuma wiki pale kona, alisimama na karai lake kututazama.

"Ouma, si utengeneze na mwingine wa kufunga mdomo wa Baba Wambui? Jumatano ijayo ushirika ni kwako. Huyu akianza kuomba, chai inakuwa barafu."

Baba Wambui ndiye mimi; vijana wa mtaa waliniita Guka, yaani babu. Nilikuwa mzee wa kanisa, na ni kweli maombi yangu yalikuwa marefu. Kila Jumatano washirika wa mtaa wetu tulikutana katika nyumba ya mmoja wetu, kwa zamu, tukasoma neno, tukaomba, tukanywa chai. Nilipoomba hakuna aliyenikatiza. Kwetu mtu akisikia maombi husimama. Mwanamume huvua kofia. Hata watoto waliocheza uchochoroni walikuwa wakishika mpira wao mpaka wasikie Amina. Hakuna aliyewachapa ili wajifunze. Walikua wakiona hivyo.

Kura zilikuwa zimekwisha kupigwa. Jioni ya siku iliyofuata matokeo yalitangazwa, na nchi ikawaka moto.

Kwanza ulikuwa moto wa mbali. Tulisikia habari za Bonde la Ufa redioni, halafu watu wa kabila letu waliofukuzwa huko wakaanza kufika Thika na magodoro na kuku. Tuliwalaza kwenye sakafu ya kanisa. Niliwagawia uji. Mama mmoja alikishika kikombe mikononi mpaka uji ukaganda, hakuunywa, na vijana wetu walisimama mlangoni wakimtazama.

Hasira yao ilikuwa na sababu. Nasema hivyo kwa kuwa nilikuwepo. Uovu ulipofika kwetu ulikuja na sababu zake mkononi, na ndiyo maana wengi waliukaribisha. Ikaanza kusemwa kwamba na wao, watu wa magharibi wanaokaa kwetu, waondoke. Kiandutu, mtaa wa mabanda jirani na wetu, vyumba vikaanza kuvunjwa. Familia ya Ouma, ambayo kwao ni Siaya, huko magharibi, ndiyo pekee ya huko iliyobaki katika uchochoro wetu.

Ouma mwenyewe hakuwepo. Jumatatu alfajiri alikwenda Ruiru kwa sababu kahawa iliyokwisha kuchumwa haingojei siasa, na pampu ilikuwa imekufa. Magari yakasimama, akabaki huko. Jumatano adhuhuri alinipigia simu.

"Mzee, nikimaliza pampu nakuja nyumbani. Nitafuata reli, barabarani kumefungwa."

"Baki huko shambani. Nitawaangalia wako kama wangu."

"Najua. Lakini wewe, Mzee, ungebaki?"

Nilimwambia Mungu amtangulie.

Nilipoingia ndani, mke wangu Nyambura alikuwa akijifunga kitambaa kichwani.

"Leo ushirika ni kwa nani?" akaniuliza, ingawa alijua.

"Kwa Ouma."

"Basi twende. Au zamu imebadilishwa?"

Tulivuka uchochoro. Washirika wengi hawakuja, na siwalaumu. Walikuja akina mama saba au wanane, Mama Kimani akiwa mmoja wao. Mama Achieng alikuwa amewaficha watoto wake wawili nyuma ya pazia la kitanda. Alitaka kufunga mlango kwa komeo.

"Huu hata ndovu hauwezi," alisema, kwa maneno ya mumewe.

"Uache wazi," nikamwambia. "Ukifungwa hawatajua ni nani wako ndani."

Akauachilia.

Tuliimba ubeti mmoja. Filimbi zikasikika upande wa shule.

Nilisimama, nikafumba macho. "Bwana Mungu wetu," nikaanza.

Vijana walikuja wakikwaruza panga ukutani. Nilisikia harufu ya petroli. Nyayo zikafika mlangoni, zikasimama.

"Guka anafanya nini hapo?"

"Anaomba."

"Ati nini?"

"Anaomba, wewe. Toa kofia."

Sauti hiyo ya pili niliitambua. Ilikuwa ya Kimani. Mama yake, aliyekuwa kando yangu, akanishika mkono wa koti.

"Sisi tumekuja kazi," akasema mwingine, sauti ya mgeni. "Aombee kwake."

"Ngoja aseme Amina. Mathe yangu ako ndani."

Hapo nikaelewa nimepewa nini. Muda wote ambao sijasema Amina, hakuna atakayevuka kizingiti kile.

Niliombea mvua. Niliombea mahindi ya ndugu yangu kule Ngoliba, ambako ardhi ni kavu na mvua ina maringo. Niliombea wagonjwa, wajawazito, walimu, waliolala kwenye sakafu ya kanisa na yule mama wa uji. Niliwaombea wenye nyumba wa uchochoro ule mmoja mmoja, kuanzia kona hadi bomba la maji. Niliwaombea waliosimama mlangoni. Nilimkumbusha Mungu siku Kimani alipobatizwa, jinsi alivyolia maji yalipomgusa, na jinsi sote tulivyocheka.

Mtu alisonya huko nje. "Huyu buda hamalizi?"

"Tulia."

Kisha koo likanikauka. Nilikohoa, maneno yakakatika.

Nyayo zikasogea.

"Na pia, Bwana," akasema Mama Kimani.

Mama huyo hakuwahi kuomba kwa sauti katika ushirika wetu hata siku moja. Alikuwa akisema haya waachiwe wenye kujua maneno. Sasa alisimama. Aliomba juu ya mimba aliyoibeba, homa ya mtoto aliyokesha nayo, na karo aliyoitafuta kwa sukuma wiki. Akaomba mikono aliyoiosha ilipokuwa midogo isishike damu leo. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja.

Alipochoka, nilichukua tena. Ndipo nilipomtaja Ouma. Ulimi wangu ulitaka kusema, umlinde kwenye reli, nikauzuia, kwa kuwa wenye panga walikuwa wakisikiliza. Nikasema tu: "Umlinde mtumishi wako Ouma, popote alipo saa hii."

Lori la polisi lilisikika likipanda kutoka barabara kuu. Panga zikakwaruza tena, safari hii zikikimbia.

Hakuna aliyesema Amina. Polisi waliingia wakipiga kelele, watoto wakatolewa nyuma ya pazia, tukabeba sufuria na magodoro. Usiku ule Mama Achieng na wanawe walilala kwenye uwanja wa kituo cha polisi, wakiwa salama.

Ouma alipatikana kesho yake amekufa, kando ya reli, hatua chache tu kutoka mwisho wa shamba la kahawa alikofanya kazi. Hakuwa amefika hata Juja. Mlinzi wa shamba alisikia makelele lakini aliogopa kutoka. Nilimuuliza ilikuwa saa ngapi. Alisema jua lilikuwa limeanza kuinama, na hapo ng'ambo wamama wa kanisa fulani walikuwa wakiimba, maana ilikuwa Jumatano.

Ilikuwa saa ile ile.

Mama Achieng aliniuliza kitu kimoja tu, tukiwa nje ya chumba cha maiti.

"Ulimtaja?"

"Nilimtaja."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

Aliitikia kwa kichwa. Wiki hiyo akawachukua wanawe na mwili wa mumewe wakaenda Siaya.

Nimefundisha katekisimo miaka mingi. Nawaambia wanafunzi kwamba Mungu alimpa mwanadamu hiari, na hiari inaweza kuchukua panga. Nawaambia Mwana wake mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Ninayaamini hayo, na sijaacha kuyafundisha. Lakini nikisema ni Mungu aliyezuia miguu mlangoni kwa Ouma, nimwambie nini Mama Achieng kuhusu reli? Na nikisema ni desturi tu na lori la polisi, nitakuwa nimemnyima shukrani aliyenipa maneno koo lilipokuwa kavu, akampa na Mama Kimani. Nimekaa kati ya hayo mawili tangu wakati ule. Namshukuru Mungu kwa waliopona, na sijaacha kumuuliza juu ya aliyekufa. Hajanifukuza mbele yake kwa kuuliza.

Kimani alikuja kwangu miaka kadhaa baadaye. Alikuwa na mke na pikipiki ya bodaboda.

"Guka, mimi ningeingia siku ile. Nataka ujue."

"Najua."

"Wale wa Ruiru, kwani hawakuwa na mama?"

"Walikuwa nao, Kimani."

"Basi walikuwa wapi?"

Nilimwonyesha kiti, akaketi. Ninaona swali lile lilimfaa zaidi akibaki nalo. Tangu siku hiyo huja ushirika, na hukaa karibu na mlango.

Mwaka huu Achieng, yule binti wa nyuma ya pazia, alipata kazi ya ualimu hapa Thika. Mama yake alimsindikiza. Ilikuwa Jumatano, na ushirika ulikuwa kwangu. Mama Kimani alimkumbatia mpaka vitambaa vyao vya kichwa vikaanguka. Kimani alisimama, akanyoosha mkono. Mama Achieng aliutazama mkono ule, kisha akapita, akaketi kando ya Nyambura. Kimani akaurudisha mkono wake taratibu, akabaki amesimama.

Wakati wa kuomba ulipofika niliinuka, nikajikuta sina mwanzo.

"Endelea tu, Mzee," akasema Mama Achieng. "Sala ya siku ile hukuimaliza."

Basi sikuanza upya. Niliendelea kutoka pale nilipokatizwa. Nilimtaja Ouma kwa jina, na safari hii nikaitaja reli, na shamba la kahawa, na waliokuwa na panga huko, ambao majina yao siyajui. Nikataja mlinzi aliyeogopa. Nikasema kwamba tuliomba na hatukuelewa, na mpaka leo hatujaelewa, na bado tumekuja.

Kisha nikanyamaza. Uchochoroni watoto walikuwa wameshika mpira wao.

Walingoja. Nami nilingoja, kwa kuwa neno lililobaki halikuwa langu.

"Amina," akasema Mama Achieng.