Waziri wa Nlandu

Nlandu, fundi viatu wa Kinsuka, alikuwa na kambare wa urefu wa kidole, aliyemtoa kwenye maporomoko ya mto aking'ang'ania jiwe. Akamtia katika tangi la kioo sebuleni, akamwita Waziri, kwa kuwa akishabandika mdomo wake wa duara mahali, habanduki. Siku moja alinyonya kioo mpaka jirani aliyekuwa akipita nje akavukwa na kofia. Anayebisha akaiulize hiyo kofia.

Shida ya Waziri ilikuwa moja tu: maji yakitulia, anakufa. Pampu ndiyo iliyomweka hai, na pampu hula umeme, na umeme wa Kinsuka unaujua mwenyewe.

Jumapili moja akaja Mama Mpemba, mama mkwe wake, mara ya kwanza tangu harusi. Matondo, mkewe, alikuwa ameshamwonya mumewe: "Papa, mama akiondoka amenuna, huyo Waziri wako anaingia kwenye pondu." Na sufuria ya pondu, mboga ya kisamvu, ilikuwa tayari sakafuni.

Mama akavuka kizingiti, umeme ukakatika. Nlandu akanyakua mpira wa pampu, akaubana mdomoni, akaanza kupuliza hewa tangini, mashavu yamevimba kama vyura wawili.

"Mkwe, hujambo?"

Blublublu.

"Matondo! Mumeo ananijibu kwa mapovu?"

"Mama, usikasirike, anamhudumia Waziri."

"Waziri gani?" Mama akainama. Samaki alikuwa kwenye kioo, mdomo wazi, mkabala na pua ya mama. "Na huyu ananibusu! Nyumba hii haina hata mmoja mwenye adabu?"

Nlandu alibanwa pande mbili. Akitoa mpira asalimie, samaki amekufa. Asiposalimia, samaki amepikwa.

Lakini Mama Mpemba alizaliwa na wavuvi wa maporomoko hayo hayo. Akatazama tena, akaona mapezi yanalegea.

"Mjinga wee! Samaki wa maporomoko hapulizwi, humwagiwa!" Akanyakua bakuli, akachota maji ya tangi, akayarudisha kutoka juu. Shwaa! Waziri akatikisa mkia.

"Chukua kopo, mkwe, simama upande wa pili. Na unipe mgongo. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hata nyumba ikiungua."

Basi wakapeana migongo, tangi katikati, wakawa wanachota na kumwaga kwa kupapasa. Nusu ilirudi tangini, nusu ilishuka sakafuni, sufuria ya pondu ikaelea hadi mlangoni.

Umeme ukarudi, pampu ikanguruma.

"Mama, tosha! Umeme umerudi!" Matondo akalia, maji yakimfika vifundoni.

"Tuache," akasema mama, akichota. "Bado tunasalimiana."