Unga Kwenye Sakafu ya Saruji

Katika Nkowe yote, wa kwanza kurudi na diploma ni mimi. Nalisema bila haya, maana hakuna aliyenibeba mgongoni. Lakini katika safari yangu kuna jambo moja nisiloweza kulieleza, nami ni mtu ambaye kueleza mambo ndiko kulikomlisha.

Nilipofaulu darasa la nane nilichaguliwa kwenda shule kubwa ya bweni, mbali sana, safari ya siku kadhaa kwa lori na treni. Wavulana wa huko walivaa viatu na soksi ndefu. Picha yao nilikuwa nimeionyeshwa na mwalimu wetu, na tangu siku hiyo sikuwaza kitu kingine. Ada yake ilizidi korosho na ufuta wetu wote. Njia nyingine ilikuwa chuo kidogo cha ualimu kilichokuwa kikiandaliwa Nachingwea, katika mabanda yaliyoachwa na Wazungu wa mradi wa karanga. Hicho hakikutaka ada. Nilikidharau kwa moyo wangu wote.

Mwenye neno la mwisho alikuwa mjomba, kwa kuwa kwetu Wamwera mtoto ni wa mjomba wake.

"Mpwa wangu," aliniambia, "miguu ya kuvaa soksi unayo. Viatu je?"

Kisha akasema tutawauliza wazee wetu, na watakalosema ndilo hilo hilo.

Wazee huulizwa kwa unga wa mtama. Unamwagwa taratibu mpaka usimame kama kilima kidogo kilichochongoka, shauri linatajwa, unaachwa hadi asubuhi. Ukikutwa umesimama, wamekubali. Ukikutwa umeporomoka, wamekataa. Hufanywa makaburini, chini ya mti wa ukoo. Lakini mti wetu haukuwapo tena. Wakati wa karanga, matrekta mawili yalikokota mnyororo mnene uliofungwa katikati yake na kulaza pori zima, mti na makaburi pamoja. Mjomba alikuwa kibarua wa Wazungu hao. Ndiye aliyetembea mbele na bendera kuwaonyesha pa kupita. Baada ya hapo ukoo ulihamia Nkowe, naye hakupenda kuulizwa habari za bendera ile.

Tulitembea siku mbili kurudi huko Nachingwea, mimi nikiwa na kibuyu cha unga begani. Tulifika saa sita mchana. Sijapata kuona mahali penye kimya namna ile. Ardhi ilikuwa tupu hadi macho yanapoishia, hakuna ndege, hakuna hata panzi. Mjomba alianzia kwenye kijito, akahesabu hatua, akakata kushoto, akasimama mbele ya banda refu la mabati lenye sakafu ya saruji.

"Wako humu," alisema. "Chini."

Jioni aliingia peke yake na kibuyu. Mimi nilibaki barazani, nikamsikia akisema bismillahi, kisha akiongea Kimwera kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Alipotoka aliniambia amemwaga vilima viwili: cha shule kubwa karibu na mlango, cha chuo pembe ya mashariki. Tukalala pale pale barazani.

Kulipopambazuka tuliingia pamoja. Karibu na mlango palikuwa patupu, hata punje ya unga hakuna. Pembe ya mashariki kilima kilisimama, kimechongoka vizuri, ingawa madirisha hayakuwa na vioo na upepo ulivuma hadi alfajiri. Nililia. Mjomba hakunibembeleza. Alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni, ameushika mwimo. Nilidhani ananihurumia.

Basi nikaingia chuo kile kile nilichokidharau, na sikushuka kutoka nafasi ya kwanza hata muhula mmoja. Cheti chake kilinifungulia mlango wa diploma katika nchi jirani, nikisomeshwa bure kwa alama zangu mwenyewe. Niliporudi, nikiwa na viatu na soksi ndefu, mjomba alikuwa mgonjwa kitandani. Nilimtania kwamba wazee wake walijua kuchagua.

Aliniomba nifunge mlango. Kisha akaniambia kwamba ada hakuwa nayo, na aliona aibu kunikatalia kwa mdomo wake. Kwa hiyo alimwaga kilima kimoja tu, cha shule kubwa, akakizoa papo hapo na kukirudisha kibuyuni. Asubuhi alitaka niikute sakafu tupu, niamini wamekataa.

"Na cha chuo?" nilimuuliza.

"Nilikudanganya. Nilikitaja usije ukashuku, maana chuo hukukitaka hata hivyo. Pembe ile sikuikanyaga kabisa."

Nilimwambia labda nilikimwaga mimi usingizini. Hakucheka. Alisema kibuyu alikilalia kama mto hadi asubuhi, na unga ulikuwa umejaa vile vile.

"Banda lile baadaye lilikuwa nini?" aliniuliza.

"Bweni letu."

"Na kitanda chako walikupangia wapi?"

Diploma ilikuwa mapajani mwangu, ndani ya bahasha yake. Nilikuwa nimeileta ili aishike. Nilimjibu kwamba kilikuwa pembe ya mashariki.