Matundu Manne Tumboni kwa Mpika Halwa

Mwaka wa 1969, mimi nina miaka kumi, ndipo dhiki ilipoingia kwetu. Iliingia kupitia tumbo la baba. Baba alikuwa hamali, akibeba magunia bandarini Mbaraki, mtu wa kifua na mabega, na asubuhi moja wenzake walimleta nyumbani amejikunja hawezi kunyooka. Hospitali wakamfungua kuanzia chini ya kifua mpaka chini ya kitovu. Kidole-tumbo kilikuwa kimepasuka. Maisha yake waliyaokoa, hilo siwanyimi. Lakini mshono uliingia usaha, ukakaa miezi ukitoka maji, na ulipofunga, tumbo likatokeza pale pale penye mshono kama mpira wa kitambaa. Akikohoa, lachomoza. Akishika gunia, aketi chini. Hakubeba tena mpaka Mungu alipomchukua.

Shule nikaiaga darasa la tatu. Mama akachoma vitumbua mlangoni, nami nikaenda Makadara kwa mzee mmoja mpika halwa. Nilisugua masufuria yake kwa jivu na ndimu mpaka kucha zikaisha. Nikapanda hadi kuchochea moto, kisha kusaga iliki, na mwisho wake nikapewa mwiko.

Niueleze mwiko, maana watu hula halwa hawajui inavyotoka. Mwiko wa halwa ni mrefu kama kasia. Sufuria ni ya shaba, mtoto mdogo aweza kuogea ndani. Wanga ukishachanganyika na sukari na samli, huna ruhusa ya kusita. Ukisita unashika chini, ukishika chini unanuka moshi, na halwa iliyonuka moshi hata paka haili. Na inavyoiva ndivyo inavyozidi kuwa nzito. Watu hudhani kazi hiyo ni ya mikono. Mikono inashika tu. Halwa husongwa kwa tumbo. Tumbo ndilo linalokaza, linalozunguka, linalorudi. Mpika halwa mwenye tumbo bovu ni muuza njugu.

Basi nilisonga. Nilioa kwa mwiko, nikazika wazazi kwa mwiko, nikasomesha kwa mwiko. Mke wangu alipofariki nilipumzika wiki ya matanga nikarudi motoni, maana pale ndipo nilipojua la kufanya.

Maumivu yalinianza nimeshavuka miaka sitini. Yalikuwa hapa, chini ya mbavu za kulia, yakipanda mpaka nyuma ya bega. Yalikuja hasa baada ya kula, na mimi kazi yangu ni kuonja samli kutwa. Nikasema gesi. Nikanywa habbasoda, nikanywa tangawizi, nikakandwa. Jirani yangu, mshona kofia ambaye tumekuwa naye tangu tukiwa wadogo, aliniambia ni vidonda vya tumbo, akanipa dawa zake mwenyewe zilizobaki. Nikazimeza. Hazikufanya lolote ila kunipa kiu.

Siku niliyoangusha mwiko ndani ya sufuria, binti yangu hakuniuliza tena. Aliita tuktuk, akanitia ndani na kikoi changu chenye masizi, tukaenda hospitali.

Picha ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke, mtu wa bara, mwembamba, hata nikamwuliza binti yangu kwa sauti ndogo kama daktari mwenyewe yuko njiani anakuja.

"Ndiye mimi, baba," akasema yule daktari. Alikuwa amesikia.

Akaniambia mfuko huo utolewe. Nikasimama. Nikamwambia yaliyompata baba yangu, nikamchorea kwa kidole juu ya kanzu, kutoka hapa mpaka hapa. Nikamwambia, mimi sikatai kufa, nakataa kukaa kitako.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Sitakupasua hivyo. Nitafungua matundu manne. Moja kitovuni napitisha kamera nyembamba kama kalamu, mengine vyombo vyembamba. Naangalia kwenye kioo kama wewe unavyoangalia mpira."

"Kamera tumboni mwangu?"

"Tumboni mwako."

Binti yangu akadakia, "Baba, mume wangu alipokwambia ununue mota ya kusongea halwa ulisema halwa ya mashine haina mkono. Leo tumbo lako ndilo litiwe mashine?"

"Nyamaza wewe," nikamwambia. Lakini nililiwaza. Nikamwuliza daktari kama ni mashine ndiyo itakayokata.

Akacheka. Akasema kule ng'ambo alikosomea iko mashine yenye mikono yake. Daktari huketi kando, macho kwenye kioo, vidole kwenye vishikio, na kila anachofanya yeye kwa kidole, mkono wa mashine hufanya kidogo kidogo ndani ya tumbo la mgonjwa. Huweza kupinda mahali ambapo mkono wa binadamu hauwezi kupinda, na kidole cha daktari kikitetemeka, wenyewe hautetemeki. "Lakini hautendi lolote peke yake," akasema. "Daktari akiondoa vidole, unasimama."

"Na stima ikipotea?"

"Hapa kwetu, baba, kwa kazi yako, mashine ni mimi."

Hapo nikampenda. Mtu anayesema waziwazi kilicho chake na kisicho chake, huyo nafanya naye biashara.

Nikamwuliza lile moja lililonileta. "Nitasonga halwa?"

"Utasonga. Lakini utanipa wiki sita kwanza, hubebi wala husukumi. Na sikufichi: nikikuta ndani kumeshikamana sana, nitaacha matundu nikufungue kwa njia ya zamani."

Katika maneno hayo yote mimi nilisikia mawili. Nilisikia "utasonga", na nilisikia "njia ya zamani". Zile wiki sita zilinipita sikioni kama upepo.

Siku yenyewe walinilaza kwenye kitanda chembamba, wakanitia dawa mkononi, nikasoma Ayatul Kursi na sikuimaliza. Nilipozinduka, kitu cha kwanza nilipeleka mkono tumboni. Nilitafuta ule mshono. Nilianza juu, nikateremka, nikitafuta kamba za uzi kama za baba. Hapakuwa na mshono. Palikuwa na viplasta vidogo, kimoja kitovuni, vingine juu yake na ubavuni. Na bega la kulia lauma kana kwamba nimebebeshwa gunia.

Nikajua wameshindwa. Nikajua wamenigusagusa wakanirudisha. Yule daktari alipoingia nikamwambia, "Mimi nimekuja na tumbo. Bega mmelifanyani?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akanieleza kuwa walinipuliza hewa tumboni, likatuna kama tairi, wapate nafasi ya kuona na kufanya kazi, na hewa iliyobaki hupanda ikasumbua bega siku mbili tatu. "Tembea, baba. Itatoka." Na mfuko? "Umetoka. Kwa matundu, kama nilivyokuambia."

Kesho yake nilirudi nyumbani kwa miguu yangu, kutoka tuktuk ilipoishia mpaka kwenye kibaraza changu. Baba alikaa hospitali mpaka nikasahau sura yake bila ndevu.

Sasa, kwetu mtu akitoka hospitali watu huja kumkagua. Huja na uji wa mtama, huja na maboga, na wanaume huja na macho. Hawasemi, lakini wanataka kuona. Yule jirani yangu mshona kofia ndiye aliyesema.

"Haya, tuonyeshe tukupe pole ya haki."

Nikapandisha fulana. Akavaa miwani yake ya kushonea. Akainama. Akatazama viplasta, akanitazama mimi, akaivua miwani.

"Mwenzangu," akasema, "wewe hukupasuliwa. Wewe umelazwa ukaamshwa."

Kibaraza kizima kikacheka. Mwingine akasema hata mbu wa Makadara huacha alama kubwa kuliko ile. Mwingine akaniuliza kama nimerudishiwa ujana au nimerudishiwa nauli. Nilicheka nao, lakini maneno yaliniingia. Na kweli sikusikia maumivu. Bega lilikuwa limetulia. Nikaanza kujiambia: kama si jeraha, basi si ugonjwa.

Ijumaa ile palikuwa na harusi, na halwa yake ilikuwa juu ya moto. Mume wa binti yangu ndiye aliyekuwa akisonga. Nikateremka kumwangalia. Anasonga kama anayekoroga chai. Nikaona povu la samli linakusanyika upande mmoja, nikaona inataka kushika.

"Lete hapa."

"Baba, daktari amesema..."

"Daktari anajua halwa? Lete."

Nikauchukua mwiko. Nilizungusha mara chache tu, halwa ikiwa katika uzito wake wa mwisho, na nilipokaza tumbo kuivuta kutoka chini, kitu kikavutika kitovuni kama uzi unaokatwa kwa meno. Nikauachia mwiko. Nilipotazama, fulana ilikuwa na damu. Halwa ile ilinuka moshi, ikamwagwa, na watu wa harusi wakapelekewa ya duka jingine. Hilo halijapata kunitokea tangu nifungue mlango wangu wa duka.

Lakini sikuwa nikiiwaza halwa. Njia nzima ya kwenda hospitali nilikuwa nimeshika kitovu kwa viganja viwili, nikingoja kitokeze. Nilikuwa na hakika kwamba nikiondoa mikono nitaliona tumbo la baba.

Daktari alinikagua. Aliponifunga tena akaniambia, "Ngozi imefunguka kidogo tu. Ndani pameshika. Una bahati kubwa, na huna akili."

Sijaambiwa hivyo tangu mama alipokufa.

"Baba, nje nilikufungulia matundu. Ndani nilikata na kufunga kama wanavyokata na kufunga wengine. Tundu likiwa dogo, kazi haiwi ndogo. Njoo uone."

Akageuza kioo cha kompyuta. Ile kamera ilikuwa imerekodi. Nikajiona ndani. Ini langu jekundu, laini, linang'aa kama nyama ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi. Chini yake mfuko wa nyongo, kijani, umevimba kama embe changa. Vyombo viwili vyembamba vya daktari vikauinua, vikaukwangua kutoka kwenye ini taratibu, taratibu, bila kulichubua, kama anayeinua halwa ya chini isichanike. Mahali pamoja palikuwa pameshikamana. Akasimama. Akazunguka kwa upande mwingine. Hakuwa na haraka.

"Hapa nilitaka kukufungua," akasema. "Nikamkumbuka baba yako. Nikatazama kama pana njia salama. Ilikuwapo."

Machozi yalinitoka, na wala si ya maumivu. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia, "Mwanangu, Mungu akuweke." Baba angekutana na mkono huu, mama asingechoma vitumbua, nami pengine ningejua kusoma kitabu kikubwa. Lakini kitabu kikubwa si haki yangu kukililia. Nimepewa tumbo zima.

Wiki sita nilizikaa zote juu ya kiti, nikitukana kila anayesonga. Rekodi ile binti yangu aliiomba akaitia kwenye simu, na kibaraza kizima kikaiona. Jirani yangu aliitazama kwa miwani yake mpaka mwisho, akiwa na kipande cha halwa mkononi asichoweza tena kukila. "Haya," akasema, "umepasuliwa." Mwezi uliofuata akaenda mwenyewe kuonyesha henia yake, ile ngiri aliyokuwa akiificha chini ya kikoi miaka mingi, na daktari yule yule akamtengeneza kwa matundu.

Idi iliyopita nilisonga sufuria mbili, mimi mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Tumbo lilikaza na likarudi.

Leo, kwa kusonga huko, nina nyumba ya ghorofa moja hapa Mji wa Kale, hati ni ya jina langu. Duka la halwa, mlango mmoja. Jiko la nyuma lenye mafiga matatu. Sufuria nne za shaba, moja imetoboka sijaipeleka kuzibwa. Miiko mitatu. Mota ya kusongea, iliyonunuliwa na mume wa binti yangu, kwa ajili ya wanga wa mwanzo tu. Kitanda cha samadari cha mke wangu. Friji. Redio mbili, moja inasema.