Santuri za Bluzi za Shangazi Tausi

Usiku ule niliamua kuwa mgonjwa. Nilimwambia mama tumbo linauma, nikaingia kitandani kabla ya chakula, nikajifunika shuka hadi puani. Tumbo lilikuwa zima. Kilichokuwa kinauma ni kesho yake.

Kesho yake, Jumapili mchana, nilitakiwa niingie studio ya redio ya mjini kwetu, hapa Tabora, niwaeleze wasikilizaji habari za bluzi: mtu ambaye hajawahi kuisikia aanze na santuri zipi. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu santuri zenyewe ziko kwangu. Shangazi yangu Tausi, dada yake baba, alikuwa mpishi wa ukumbi wa dansi kwa miaka mingi. Ukumbi ulipofungwa aliondoka na sanduku la santuri ambalo hakuna mtu mwingine aliyelitaka. Alipofariki, mwaka jana, sanduku likaja kwangu pamoja na gramafoni yake, maana ndugu wote walijua nani alikuwa anakaa naye sakafuni kuzisikiliza.

Kaka Shabani, mtangazaji, alipopata habari hiyo alinifuata hadi kibarazani ninaposhona sare za shule na mama.

"Nusu saa nzima nakupa," akasema. "Watu wakikupenda, kila Jumapili ni yako."

Niliitaka nusu saa ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Lakini mimi si mtu wa kuongea mbele za watu. Nikiongea, woga unanifanya nirudie sentensi ileile. Naitwa Pili, basi tangu darasa la kwanza wananicheka, "Jina lake ndivyo lilivyo, kila kitu mara mbili." Ijumaa tulipofanya jaribio pale studio nilisema, "Hamjambo wasikilizaji. Hamjambo wasikilizaji." Nikaishia hapo. Fundi mitambo akachungulia mlangoni.

"Dada, umegoma? Nikupige kofi kidogo kama tunavyoifanya redio ya mkulima ikikwama?"

Wakacheka. Kaka Shabani naye alicheka, kwa upole, lakini alicheka. Ndipo nilipoamua kuugua.

Usingizi ulinichukua nikiwa bado natunga ujumbe wa kumpelekea Kaka Shabani kwamba naumwa.

Nilikuwa nimekaa jikoni. Halikuwa jiko la kwetu. Lilikuwa jiko kubwa lenye masufuria ya kupikia watu wengi, na ukutani palikuwa na kidirisha kidogo cha kupitishia sahani. Harufu ya bizari ilijaa. Shangazi Tausi alikuwa anaosha mchele, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Nilijua amekufa, naye alijua kwamba najua, lakini hakuna kati yetu aliyelitaja jambo hilo, tulikuwa kama watu wasiotaka kuharibu chakula kwa maneno.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona umekuja jikoni na shuka?"

Nikajitazama. Kweli, shuka langu lilikuwa bado mwilini.

"Naumwa, Shangazi. Naumwa."

"Unaumwa mara mbili!" Akacheka kile kicheko chake kinachoanza kama kikohozi. "Haya, mgonjwa wangu. Kesho utawapa watu nini?"

Sanduku lilikuwa juu ya meza, katikati ya vitunguu. Sikushangaa. Nikatoa santuri nilizokuwa nimezichagua, zile za polepole, zenye vinanda laini na sauti za kubembeleza. Kwetu mtu akisema bluzi, anamaanisha hizo. Kwenye sherehe mpiga muziki akitangaza, "Sasa bluzi," taa zinapunguzwa, vijana wanakimbizana kutafuta wa kucheza naye, na akina mama wanaanza kuita mabinti zao nje. Nilidhani hizo ndizo watu watakazozitaka.

Shangazi akafuta mikono kwenye kanga yake, akayatazama majalada moja moja. Alikuwa hasomi Kiingereza. Kila santuri alikuwa ameipa jina lake mwenyewe kutokana na picha iliyo juu.

"Hizi za kukumbatiana," akasema. "Ni nzuri. Hata mimi nilikumbatiwa. Lakini hii si bluzi, Pili. Hii ni taa kuzimwa."

Nikaona aibu. Nikachukua haraka ile aliyokuwa anaiita Mzee wa Kiti, maana ndiyo ya zamani kuliko zote, nikafikiri mwanzo lazima uanzie mwanzoni. Akanipiga kibao kidogo mkononi. Maji ya mchele yakanirukia usoni, ya baridi kabisa.

"Huyo mwisho! Mgeni ukimwanzishia huyo atadhani umemwita kwenye msiba."

Akasukuma kidirisha cha sahani. Muziki ukaingia jikoni. Miaka yake yote ya kazi alizisikia santuri hizi kupitia kidirisha kile, mkono mmoja kwenye mwiko. Ukumbini kwenyewe hakuwahi kukanyaga muziki ukiwa unapigwa. Sasa anainama, anapenyeza kichwa, mabega, kiuno, mwanamke mnene vile, na anapita. Mimi namfuata nyuma, shuka langu likiburuzika.

Tuko ukumbini. Watu wamejaa, wamevaa vizuri, wanapiga makofi. Mwimbaji jukwaani anasema jambo, watu wanaangua kicheko, naye anangoja wamalize ndipo agonge gitaa, na gitaa linamjibu kama mke aliyezoea mizaha ya mumewe. Naitambua. Ni santuri iliyorekodiwa mbele ya watu, ambayo Shangazi aliiita Ya Ukumbini.

"Hii ya kwanza," ananiambia sikioni. "Mgeni hatajua Kiingereza. Lakini watu wakicheka atajua."

Nataka kukaa, lakini viti vimekuwa ngazi, na juu ya ngazi amesimama yule tuliyemwita Mama wa Manyoya, manyoya yamemkaa kichwani kama taji. Nyuma yake kuna piano na tarumbeta. Anafungua mdomo na sauti inatoka kubwa, haina haraka, inajaza kila pembe. Maneno siyaelewi. Najua tu kuna mwanamume ndani ya wimbo, na amekosea.

"Analia?" Shangazi ananiuliza.

Nasikiliza. "Hapana. Hapana, halii. Anamfungashia mtu virago."

"Umeona! Hiyo ya pili. Waambie akina mama waongeze sauti."

Tunapanda ngazi, nazo zinatuteremsha. Chini ni mjini, mji mkubwa wenye moshi, na ardhi inatetemeka miguuni kama pale stesheni treni ya mizigo inapoingia. Vijana wamechomeka magitaa yao kwenye umeme. Mmoja anapuliza kinanda cha mdomo, analia nacho, anacheka nacho, nashindwa kujua kipi ni kipi. Mlio unanigonga kifuani. Nakuta kichwa changu kinakubali chenyewe.

"Hii ya tatu ni ya wenzako," Shangazi anapiga kelele ili nimsikie. "Watasema wanaijua. Muziki wao wote umepita hapa!"

Halafu kimya. Chumba kidogo, ukuta wa mbao, kiti kimoja. Mzee amekaa, gitaa liko mapajani, anaburuza shingo ya chupa juu ya nyuzi, na nyuzi zinasema kama mtu. Mguu wake unapiga sakafu. Hana ngoma wala mwenzake. Shangazi ameshika mikono mbele kama alivyokuwa akisimama kumsubiri imamu amalize dua. Nami kwa mara ya kwanza naelewa kwa nini huyu ni wa mwisho: ukishacheka na wale, na kuhamaki na yule mama, na kutikiswa na vijana, huyu mzee anapoanza, moyo umeshafunguka, anaingia bila kubisha.

Anaimba mstari. Anauimba tena, uleule. Halafu unakuja mwingine.

Anaimba mstari. Anauimba tena.

Mwili unanisisimka.

"Anarudia," nasema. "Shangazi, anarudia!"

"Wote wamerudia. Yule wa mizaha amerudia, mama wa manyoya amerudia. Ulikuwa wapi?"

Ni kweli. Nilizisikiliza miaka yote ile sakafuni kwake na sikuwahi kuhesabu. Mstari unasemwa, unasemwa tena, ndipo jibu lake linashuka. Bluzi nzima imejengwa hivyo.

Shangazi ananigeuza nimtazame. Uso wake haucheki sasa.

"Mara ya kwanza mtu anajisemea mwenyewe," anasema. "Mara ya pili anawaambia watu. Na ukiwaambia watu, jibu linakuja. Wewe umekuwa ukikimbia kabla halijafika. Hiyo si kukwama, Pili. Hiyo ni bluzi."

Mzee anasimama. Ananionyesha kiti. Ninakaa, kina joto lake bado. Mbao za ukuta zinarudi nyuma, zinarudi nyuma, na chumba ni ukumbi, ukumbi umejaa, na wote nawafahamu: wateja wetu wa sare, mwalimu wangu wa darasa la saba, Kaka Shabani, na fundi mitambo ameshika sahani tupu kama mtu aliyeahidiwa pilau. Wananigeukia. Woga unakuja, naujua unavyokuja. Nafungua mdomo.

"Shangazi yangu alizisikia hizi akiwa jikoni."

Gitaa, sijui nani analipiga, linanijibu na kuningoja.

"Shangazi yangu alizisikia hizi akiwa jikoni!"

Hakuna anayecheka. Wameinama mbele, wote, wanaitaka inayofuata. Fundi mitambo ameacha mdomo wazi. Sijaitunga. Sijui nitasema nini. Lakini inashuka, naisikia inashuka, nami safari hii sikimbii.

"Leo yuko ukumbini, mpisheni acheze!"

Ukumbi unainuka wote kwa pamoja. Makofi, vigelegele, miguu, na katikati watu wanafungua nafasi, na Shangazi Tausi anaingia na mwiko mkononi. Anacheza. Mwili ule mnene umekuwa mwepesi, mabega yanaitika dramu, mwiko uko juu, na mwalimu wangu anayeogopwa na kila mtu anampigia makofi kama mtoto. Kaka Shabani anapiga kelele, "Rudia!" Narudia. Wanaimba nami mara ya pili, sauti mia zikiwa nyuma ya sauti yangu, na sauti yangu ndiyo iko mbele. Sikujua kama ninayo kubwa hivyo.

Nacheka, nalia, sijui. Nanyoosha mkono nimshike Shangazi.

"Baki, Shangazi."

"Siwezi, mwanangu. Nina wali motoni."

Anainamisha kichwa kwenye kidirisha, kisha anageuka mara moja, jasho linameta kwenye paji la uso.

"Ya Ukumbini kwanza," anasema. "Na usiwaombe radhi."

Nikaamka.

Nilikuwa nimekaa wima kitandani, shuka liko sakafuni, jua limeingia hadi ukutani. Na mdomo wangu ulikuwa unaongea. Nilijisikia nikisema, kwa sauti kamili, chumba kizima kikisikia:

"Jamani, mimi naitwa Pili, nimeleta santuri za bluzi."

Nje, fagio la mama likasimama. Aibu yangu ya kila siku ikaja haraka kunitafuta. Ikanikuta nimeshavuta pumzi. Nikasema tena, kwa sauti ya juu zaidi, ili hata nyumba ya pili wasikie:

"Jamani, mimi naitwa Pili, nimeleta santuri za bluzi!"

Kisha nikangoja jibu.

Mdogo wangu wa kike, tunayelala naye kitanda kimoja, mimi kichwani na yeye miguuni, akajivuta bila kufumbua macho. Anaitwa Tatu.

"Basi zipige," akasema, "tumeshaamka wote."