Pini ya Kanga

Jirani yangu hapa ughaibuni, Lanham, mzee wa kabila la Kipashtuni, alinionyesha kwenye simu vijana wa kwao wameketi barabarani, mifuko wameipindua nje ili askari waone hawana silaha. Wakapigwa risasi. Mimi shule niliishia la pili, ila picha haitaki kusomewa. Chai yake ya iliki ilinukia kama jikoni kwetu, siku ile mama alipokwenda kuketi mbele ya kituo cha polisi, baba aachiliwe. Alichomoa hata pini kiunoni.

“Mama, kanga itadondoka, watakucheka!”

“Wacheke, wasije tu wakasema nina silaha.”

“Na wakipiga?”

“We mtoto! Atapigwaje mtu aliyekaa chini?”

Alipotoka nikamfunikia uji wake, nikaketi kuufukuzia nzi. Ulichacha ningali nimeketi.