Mfuko wa Shati na Mfuko wa Suruali

Hakuna jambo la hela linaloweza kunishangaza mimi. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa, lakini hela naijua. Nimesukuma mkokoteni Mwanza hii kupanda vilima na kushuka, mpaka leo nina duka la vifaa vya ujenzi Nyakato, lenye nondo, saruji, mabati na misumari ya kila namba. Watu wenye digrii zao huja kuniuliza nyumba ya vyumba vitatu itakula mabati mangapi, nami nawajibu kabla hawajamaliza kuuliza. Kwa hiyo Ijumaa moja jioni mke wangu aliponiambia kwamba elfu kumi kwa siku haitoshi kuendesha nyumba yetu, sikushtuka. Nilicheka tu.

Nyumba yetu ni mimi, yeye na mabinti watatu. Kila asubuhi kabla ya kwenda dukani naacha elfu kumi chini ya kopo la sukari. Haijawahi kukosekana, hata miezi ile saruji ilipoadimika mjini na wenzangu wakafunga maduka. Nilikuwa najisifia jambo hilo mbele ya watu, na sioni aibu kusema kwamba nilikuwa na haki ya kujisifu.

Mke wangu hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha barazani akasema:

"Baba watoto, nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Jumatatu kuna mama anakuja kuchukua cherehani."

Sasa cherehani hiyo si kitu cha kusema hivi hivi. Ni ile ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, aliinunua kwa jasho lake kabla hatujaoana. Mwaka ule mkokoteni ulipokatika ekseli na kuniangukia mguuni, nikalala ndani miezi kadhaa, tulikula kwa cherehani hiyo. Kwa hiyo nilimuuliza sababu, tena kwa upole.

Akaniambia kwamba hela ninayoacha huwa inakwisha saa nne za asubuhi, na inayopungua anaijazia kwa hela ya kushona. Miaka yote amekuwa akijazia. Lakini siku hizi watu wananunua sare za watoto zikiwa tayari zimeshonwa, kazi imepungua, hana tena pa kutoa. Akiuza cherehani, tutasogea miezi michache, halafu tutaona.

Mimi nikamwambia ukweli kama nilivyouona. Nikasema tatizo si hela, tatizo ni mkono unaoishika. Nikampa mfano wangu mwenyewe, mtu niliyeanza na mtaji wa kuazima. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Basi tukakubaliana hivi: kuanzia jioni ile mpaka Jumapili usiku, mkoba wa nyumba nitaushika mimi, na elfu thelathini zangu za siku tatu. Kukibaki chochote, cherehani iende na habari ya kuongezwa hela iishe. Zisipotosha, cherehani inabaki, nami naongeza.

"Sawa," akasema. "Mimi nitapika utakacholeta."

Wikiendi yenyewe niliichagua vizuri. Haikuwa na msiba, haikuwa na harusi, hakukuwa na kadi ya mchango hata moja juu ya kabati. Nikazikunja zile elfu thelathini, nikazifunga na mpira, nikatia mfuko wa shati. Hela ya duka ikabaki mfuko wa suruali. Hiyo ndiyo kanuni iliyonitajirisha: hela ya suruali haipandi kwenye shati. Niliwatangazia mabinti kanuni hiyo sebuleni, wakaitikia vizuri. Yule mkubwa, wa kidato cha tatu, akaniuliza kama anaruhusiwa kuangalia. Nikamwambia aangalie mpaka achoke.

Jioni ileile mkaa ukawa umekwisha. Nikanunua vipimo viwili vya sado. Nikarudi, nikaambiwa sukari hakuna. Nikaenda tena, nikarudi, mafuta ya kupikia. Safari ya nne nikaleta nyanya, vitunguu na mchicha bila kuambiwa, kuonyesha kwamba mimi natazama mbele. Wakati tunakula mita ya umeme ikaanza kulia. Nikanunua umeme wa elfu kumi kwa simu, nikajilipa mwenyewe kutoka mfuko wa shati kwenda wa suruali, maana mimi ni mtu wa haki hata nikiwa peke yangu. Nilipougusa mfuko wa shati kabla ya kulala ulikuwa mwepesi, zimebaki elfu saba. Nikawaambia hivyo ni vitu vya kukaa, havihesabiki kwa siku. Mke wangu akasema kwake pia huwa ni vya kukaa.

Jumamosi asubuhi maziwa na maandazi vikala elfu nne na mia tano. Kabla sijafuta mdomo, mabinti watatu wakawa wamesimama mlangoni na vichwa vimefumuliwa. Jumatatu shule, lazima wasukwe, kila kichwa elfu tatu. Nikasema nywele hazipikwi, haya si matumizi ya jikoni. Mke wangu akaniuliza basi ni matumizi ya nani. Nikaingiza mkono mfuko wa suruali.

"Baba," yule mkubwa akasema, "suruali imeanza kupanda."

Wakacheka wote wanne, nami nikacheka kidogo, kwa sababu mtu mkubwa anaweza kuchekwa nyumbani kwake bila kupungukiwa. Lakini moyoni niliamua kuwaonyesha. Samaki sato watatu wa kutosha familia, pale sokoni kwetu, walikuwa elfu kumi na nane. Mimi najua kwamba ukivuka ziwa kwenda Kamanga unawapata kwa elfu kumi na tano, tena wanarukaruka. Elfu tatu nzima inaokolewa kwa akili tu. Nikawasha gari.

Nakumbuka safari hiyo kwa raha. Ziwa lilikuwa limetulia, maji yamekaa kama yamepigwa pasi, na kivuko kilikwenda taratibu huku miamba ya mjini ikibaki nyuma, jiwe juu ya jiwe. Nilisimama pembeni ya gari langu, miwani usoni, watu wakaniona. Ng'ambo nilinunua sato kwa elfu kumi na tano kamili, bila kubishana sana. Palepale nikakutana na mzee mmoja tuliyesukuma naye mikokoteni zamani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akilitazama gari. Akamwambia muuza samaki kwamba huyu unayemwona alikuwa analala chini ya mkokoteni wake, akijifunika gunia. Sasa mtu akikutangaza hivyo, unamwachaje mikono mitupu? Nikamnunulia soda na kumwachia kilichobaki kwenye elfu tano.

Niliporudi nilimkabidhi mke wangu samaki, nikamwambia nimeokoa elfu tatu. Akawapima kwa mkono, akawasifu, kweli aliwasifu. Halafu akauliza kivuko siku hizi ni shilingi ngapi kwa gari. Kwenda na kurudi, mimi na gari, ilikuwa elfu kumi na sita. Na mafuta ya gari elfu kumi. Nikamwambia gari lilikuwa linahitaji kutembezwa.

Tuliwala wale sato jioni, walikuwa watamu, na nyumba ilikuwa kimya. Cherehani ilikuwa kwenye kona yake, imefunikwa kitambaa cheupe. Nilipopita nikakiona kitambaa kimekunjwa upande mmoja na mkanda wa gurudumu umeungwa kwa uzi mahali pawili. Alikuwa akishona hivyo hivyo.

Jumapili tukaenda kanisani. Mimi huwa naenda mara chache kwa sababu ya duka, kwa hiyo sikuwa nimezoea mambo ya sadaka. Kumbe kila mtu wa nyumbani hutakiwa kuwa na chake mkononi kabla kikapu hakijafika. Mke wangu akaninong'oneza kwamba watoto huwa na elfu moja moja, na yeye elfu tano. Nikawagawia, na yangu mimi nikatoa elfu kumi, maana benchi la mbele yetu alikuwa amekaa mwenye mashine ya kusaga ya mtaani kwetu, na yeye hutazama nyuma.

Baada ya ibada ukafuata mnada. Waumini huleta vya shukrani, boga, mkungu wa ndizi, debe la viazi, kuku, na vikinadiwa hela inaingia kwenye ujenzi. Nikasimama nikiwa nimekunja mikono. Sikuwa na nia ya kununua. Ndipo akatolewa jogoo mwekundu, mkia umeungua upande mmoja. Nikamjua. Ule mkia uliungua kwenye jiko letu sisi. Mke wangu alikuwa amemtoa jogoo wetu alfajiri, akamleta kwa shukrani, kama anavyofanya kila mwaka, na mimi sikuwa na habari.

Mwenye mashine ya kusaga akasema elfu kumi na tano. Sasa, jogoo niliyemlisha mimi, anayeniamsha mimi, akachinjwe kwa yule? Nikasema ishirini. Akasema ishirini na tano. Watu wakaanza kupiga makofi. Nikasema thelathini na tano, akasema arobaini, nikasema arobaini na tano kwa sauti ya dukani. Yule akakaa. Nikampokea jogoo wangu, nimemshika miguu yote miwili, mbele ya kanisa zima.

Mke wangu alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Tulipofika kwenye gari akasema, taratibu sana:

"Baba watoto, si ungeniambia tu nimwache bandani?"

Nikamwambia lile jambo lilikuwa la kiroho.

Nyumbani tukamkuta mama yangu amekwishafika kutoka Bujora, amekaa barazani na kifurushi chake cha viazi vikavu. Nikamnunulia soda, nikanunua na mchele wa kumpikia, vyote elfu tisa na mia tano, maana samaki wa jana walikuwa wamebaki. Jogoo nilikataa asichinjwe. Kwa bei ile huwezi kumla mchana mmoja.

Baada ya chakula mke wangu alikaa kwenye mkeka anachambua maharage ya jioni. Mama akavuta kiti karibu yangu. Huyu mama nimemjengea nyumba ya bati, na kila nikifika Bujora huwa naitazama ile nyumba kwanza ndipo namwamkia. Nilidhani atasema habari ya bati linalovuja.

"Mwanangu, leo nimekuja kukushukuru," akasema. "Ile hela unayompa mama watoto aniletee, na sabuni, na sukari. Hukosi hata mwezi mmoja. Kule wenzangu wananiuliza, mwanao wa mjini bado anakukumbuka? Nawaambia mimi ananikumbuka kuliko wenu."

Mimi sikuwa nimempa mama watoto hela yoyote ya kumpelekea mama. Mabati niliyaona yanatosha. Nikamtazama mke wangu. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua, vidole vinatoa mawe madogo na kuyatupa pembeni, moja moja. Nikaelewa hela nyingine ya kushona ilikuwa inakwenda wapi, na kwa jina la nani.

"Usijali, mama," nikasema.

Alipoinuka kuondoka nikampa elfu ishirini. Nilizitoa mfuko wa suruali, mbele ya wote, na yule binti mkubwa alikuwa ananitazama. Jioni mabinti wakapanga mstari tena, nauli na daftari za Jumatatu, elfu mbili mbili, nikatoa bila kuuliza.

Walipoingia ndani nikamwambia mke wangu cherehani haiendi popote. Nilitegemea atafurahi.

"Yule mama alishanipa advansi," akasema. "Elfu themanini. Nikanunua viatu vya shule vya watoto, nikalipa na chakula chao cha shule."

Vile viatu nilikuwa nimeviona. Nilikuwa nimevisifia hata dukani, kwamba mabinti zangu wanavaa viatu vya ngozi. Nilidhani vimetoka kwenye elfu kumi yangu.

Jumatatu yule mama akaja mapema, na guta la matairi matatu la kubebea. Ni mama mnene, mchangamfu, mwenye mdomo. Nilimkaribisha chai, nikamweleza kwamba mpango umebadilika. Akaniambia, "Shemeji, cherehani hii nimeshailalia ndotoni. Kwanza nimeshamlipa mwenye guta elfu sita. Nyie wanaume mkikumbuka vya wake zenu, mnakumbuka guta likiwa mlangoni." Nikamhesabia advansi yake yote, nikamrudishia na ya guta. Akazipokea, akamuuliza mke wangu amempata wapi mume wa namna hii. Nililichukua kama sifa, na mpaka leo nalichukua hivyo.

Nilipotoka kwenda dukani niliacha elfu ishirini chini ya kopo la sukari. Hiyo siihesabu, hiyo ni ya siku zote, na sijui mfanyabiashara mwingine Nyakato nzima anayeacha kiasi hicho. Mchana nikarudi na mkanda mpya wa cherehani, wa elfu tatu na mia tano. Nikaufunga mwenyewe, kwa mikono hii. Mke wangu akakaa, akakanyaga mara mbili tatu kusikiliza, akasema unakwenda vizuri. Jogoo alikuwa mlangoni anadonoa.

Siku ile nikiwa kaunta, sina mteja, nilizijumlisha zote kichwani, mkaa mpaka mkanda, kama ninavyojumlisha mabati. Nilirudia ili nisijidanganye. Ile wikiendi isiyokuwa na msiba wala harusi ilinigharimu shilingi laki mbili, sabini elfu na mia tano.